Sura ya Saba: Mtavunja Chaga!

Mama wa Kiswahili ana amri ambazo hakufundishwa na mtu. Mojawapo hupigwa kutoka jikoni, mwiko ukiwa mkononi: "Nyie! Mtavunja chaga hizo!" Chumbani panatulia, kicheko kinabanwa, kisha godoro linaanza tena. Watoto hao hakuna aliyewatuma kuruka juu ya kitanda. Hakuna aliyewaahidi kwamba tumbo litapungua wala presha itashuka. Wanaruka kwa kuwa kitu kinachokupokea ukitua na kukurudisha juu kina raha yake, na wataendelea mpaka chaga ivunjike kweli au fimbo iingie chumbani.

Mtoto huyohuyo akishafika miaka arobaini na kitu, daktari anamwambia afanye mazoezi. Anaitikia "sawa, daktari," na moyoni ameshakataa kabla hajafika dirisha la dawa.

Nadhani chanzo tunakijua. Wengi wetu tulikutana na mazoezi ya viungo yakiwa adhabu. Umechelewa namba, ruka kichura mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Umepiga kelele darasani, toka nje, pushapu ishirini. Mtu aliyelelewa hivyo asilaumiwe kama hata leo mwili wake unaona kuruka ni malipo ya kosa. Lakini shule zilezile zilikuwa na mchakamchaka. Alfajiri, umande magotini, tulikimbia masafa ambayo leo tungeyatafutia bodaboda, na hatukuyahisi, kwa sababu mbele kulikuwa na mmoja wa kuanzisha wimbo na nyuma kundi zima la kuitikia. Miguu iliyoruka kichura na iliyokimbia mchakamchaka ilikuwa ileile.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mazoezi ya nyumbani yanakufa kwa uvivu. Yanakufa kwa uchovu wa akili. Kuinuka na kuinama ukitazama ukuta, ukihesabu moja, mbili, tatu, ni jambo ambalo mtu timamu ataliacha wiki ya pili, na ana haki. Wenye uwezo hununua mashine ya kukimbilia, nayo siku ya kwanza hukusanya familia nzima sebuleni, kisha umeme wa LUKU unaisha haraka kuliko kawaida, kisha mtu anagundua kwamba ile mikono ya mashine inatosha kuanikia kanga msimu wa mvua. Katika vifaa vyote vinavyouzwa kwa jina la mazoezi ya nyumbani, trampolini ndogo ndiyo ninayoiamini zaidi, na sababu yangu ni nyepesi: ilikuwa mchezo kabla haijawa zoezi.

Tunazungumzia duara la chuma lenye upana wa sentimita 90 hadi 120 hivi, lenye miguu mifupi isiyofika gotini, na kitambaa kigumu kilichofumwa kwa nyuzi za plastiki na kuvutwa pande zote na springi au mikanda ya mpira. Nyingine zina mhimili wa kushikilia kwa mbele. Haina uhusiano na yale matrampolini makubwa yenye wavu ambayo watoto hulipiwa kuyaruka kwenye bustani za starehe siku za sikukuu, isipokuwa kwamba yametoka katika ukoo mmoja.

Ukoo huo umeanzia Iowa, Marekani. Kijana aliyeitwa George Nissen, mpenzi wa sarakasi, aliwatazama wanasarakasi wa bembea wakimaliza onyesho lao kwa kujiachia kutoka juu na kuangukia wavu wa usalama. Wavu uliwarusha tena, wakapiga pindu la mwisho, watu wakapiga makofi. Nissen akaona pale ambapo wenzake walikuwa wanamalizia mchezo ndipo yeye angependa kuuanzia. Alianza kuunganisha vyuma na turubai kwenye gereji ya wazazi wake, na katikati ya miaka ya 1930, akiwa na mwalimu wake Larry Griswold wa Chuo Kikuu cha Iowa, akapata trampolini iliyofanya kazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la majini la Marekani liliitumia kuwazoeza marubani hali ya kupinduka hewani bila kupoteza mwelekeo. Nissen alikuwa pia mfanyabiashara mwenye vituko: mwaka 1960 alimkodi kangaruu, akamfundisha kuruka naye, wakapigwa picha wote wawili wakiwa angani katika Central Park, New York. Mwaka 2000 mchezo wake uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Sydney, naye akiwa na miaka 86 alikuwapo kuushuhudia.

Hii ndogo ya sebuleni ilianza kuenea huko Marekani katika miaka ya 1970, na hapo ndipo ahadi nazo zilipoanza kuvimba. Mwaka 1979 Albert Carter, mmoja wa wapigadebe wake wakubwa, alitoa kitabu ambacho jina lake lilikuwa tayari na neno "miujiza" ndani yake. Tangu siku hiyo trampolini ndogo haijaweza kuuzwa bila muujiza. Kwa kuwa msomaji atakutana nayo ikiuzwa hivyo, na pengine muuzaji atamtajia NASA, afadhali tulimalize jambo hilo mapema.

Ni kweli kuna utafiti. Ulichapishwa mwaka 1980 katika Journal of Applied Physiology, na waliouandika, wakiongozwa na A. Bhattacharya, walikuwa wakifanya kazi kwa ajili ya NASA. Shida yao haikuwa unene wa mtu. Mwanaanga akikaa juu bila uzito, mifupa na misuli yake hulegea, kwa hiyo walitaka kujua ni mwendo gani unaupa mwili msukumo mwingi bila kumaliza pumzi. Waliwachukua vijana wanane wa kiume, wakawafunga vipimo kwenye kifundo cha mguu, mgongoni na kwenye paji la uso, wakawakimbiza kwenye mashine na kuwarusha kwenye trampolini. Katika kukimbia, kishindo kilikuwa kikubwa mno kwenye kifundo na kidogo kichwani. Katika kuruka, kiligawanyika karibu sawa mwili mzima. Na kwa mapigo yaleyale ya moyo na oksijeni ileile, kuruka kuliupa mwili msukumo mkubwa zaidi.

Ni matokeo mazuri, tena yanaeleza kwa nini mtu mwenye vifundo vinavyolalamika akikimbia barabarani anaweza kustahimili kitambaa. Ila vipeperushi vimeyafupisha hadi yakawa "NASA imethibitisha trampolini inashinda kukimbia kwa asilimia 68." Vijana wanane, msomaji wangu. Na hakuna hata mmoja aliyepimwa kiuno.

Muujiza wa pili unaouzwa ni wa kusafisha sumu. Wanasema ukiruka, limfu inazunguka na uchafu unatoka mwilini. Sehemu ya kwanza ni kweli, kwa maana limfu haina moyo wake wa kuisukuma. Kwa sehemu inategemea misuli inayokaza na kulegea, na vali zilizomo kwenye mishipa yake huizuia isirudi nyuma. Lakini misuli hukaza na kulegea pia ukitembea kwenda sokoni, ukifua, ukipalilia. Kazi ya kuondoa sumu ni ya ini na figo, nazo haziulizi kama umeruka.

Utafiti ninaoupenda mimi ni mwingine, na kwa bahati mbaya hauna chombo cha anga cha kuupigia debe. Mwaka 2016 Baraza la Mazoezi la Marekani, ACE, lilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa Chuo Kikuu cha Wisconsin–La Crosse. Wanafunzi 24, wanaume kwa wanawake, walifuata video ya dakika 19 wakiwa juu ya trampolini ndogo. Mapigo yao yalifika wastani wa asilimia 79 ya kiwango cha juu kabisa cha moyo. Wanawake walichoma kalori 9.4 kwa dakika, wanaume 12.4. Hiyo ni kazi ya mtu anayekimbia sawasawa. Kisha wakaulizwa: mmeionaje? Waliulizwa kwa kipimo cha Msweden Gunnar Borg, ambacho huanzia 6, yaani umekaa tu, na kuishia 20, yaani huwezi tena. Wastani wa majibu yao ulikuwa 11.7. Kwa lugha ya kawaida, "si mbaya."

Hapo ndipo penye siri yote. Moyo unafanya kazi ya kukimbia, na mwenye moyo anadhani anacheza. Sehemu ya sababu ni springi, ambayo inakusaidia kazi ya kukuinua. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni kwamba mtu aliye juu ya kitu kinachodunda hana nafasi ya kujisikitikia. Akili iko kwenye mdundo na kwenye mizani, na saa inapita.

Namna ya kuipanda ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na nilionyeshwa na mwalimu mmoja mstaafu anayeishi ghorofa ya tatu, Upanga. Nilimkuta saa mbili usiku, taarifa ya habari ikisomwa, dera limekunjwa mpaka magotini na kufungwa fundo ubavuni, mkono mmoja kwenye mhimili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Pita, viatu acha hapo."

Nilimtazama. Miguu yake haikuachana na kitambaa hata kidogo. Visigino vilibaki chini, magoti yakikunjika na kunyooka kiasi cha kuonekana kwa shida, na mwili mzima ukipanda na kushuka kwa mwendo mmoja kama chelezo kwenye maji ya bandari. Nikauliza, "Mwalimu, hapo unaruka au unatikisika?"

"Natikisika. Kuruka mtaruka nyie wenye magoti." Akapumua. "Sikiliza. Usijirushe. Sukuma chini, mwanangu. Juu utaletwa."

Hakuna mkufunzi aliyewahi kunieleza vizuri kuliko hivyo. Mgeni wa trampolini hujirusha juu, mabega yakipanda hadi masikioni, na hutua kwa nyayo zilizokakamaa. Dakika mbili pumzi imekwisha na kiuno kinauma. Aliyezoea anasukuma kitambaa kwa kisigino, tumbo limekazwa kidogo, macho yakitazama mbele, kwenye picha ya ukutani au kwenye runinga. Ukitazama miguu yako unayumba. Sentimita chache za kupanda zinatosha; ukiona kichwa chako kinaikaribia dari, umehama mchezo. Mwalimu alimaliza habari za michezo, akashuka kwa mguu mmoja, akasimama akishikilia mhimili mpaka sakafu ilipotulia. Hilo nalo ni la kukumbuka. Ukitoka kwenye springi, miguu hujikuta mizito ghafla, sakafu huhisi imeinuka kukufuata, na ukikimbilia mlango unaweza kujikwaa pasipo kitu.

Siku za kwanza baki kwenye kutikisika. Baadaye ongeza kutembea papo hapo, kisha kukimbia papo hapo magoti yakiinuka, kupinda kiuno kushoto na kulia, kutanua miguu na kuirudisha. Wamasai wanaocheza adumu, wale morani wanaopanda juu wima bila visigino kugusa ardhi, wanafanya kwenye udongo mkavu jambo ambalo sisi tunahitaji springi kulikaribia. Usiwaige mpaka vigimbi vyako vikubali. Na pindu ni marufuku. Trampolini ndogo haikutengenezwa kwa pindu, na sakafu ya vigae iko umbali wa mkono.

Sasa muziki. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapofaulu au kushindwa.

Springi ina mdundo wake. Mtu mzito kwenye springi ileile hudunda polepole kuliko mtu mwepesi, na hakuna ari itakayobadilisha hilo. Ukilazimisha mwili ufuate wimbo usioendana na springi yako, utakuwa unapigana na chuma. Kwa hiyo anza kinyume: panda kimya, tikisika, sikia mwili unapanda na kushuka kwa kasi gani, ndipo utafute wimbo wenye kasi hiyo. Mume na mke wanaweza kuwa na nyimbo tofauti kwenye trampolini moja, na wasigombane.

Singeli, kwa mfano, ambayo vijana hunipendekezea kila mara, inakwenda mbio mno kwa springi yoyote. Lakini ukiihesabu nusu nusu, yaani unadunda mara moja pale ngoma inapogonga mara mbili, inakaa vizuri na kukupa wazimu wa kutosha. Taarab ya zamani, ile ya fidla na ganuni, ni ya kutikisika tu, nayo inafaa asubuhi kabla viungo havijaamka. Bongo Fleva nyingi zinaangukia katikati na hazina taabu.

Ila mfalme wa trampolini, kwa hukumu yangu, ni muziki wa dansi. Waliotunga nyimbo za bendi za Msondo na Sikinde, na Wakongo kabla yao na pamoja nao, walikuwa wakitengeneza zoezi kamili pasipo kujua. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia ameachwa, au shemeji amemsengenya, au mshahara umekwisha tarehe tano. Hapo unatikisika, mwili unapata joto. Kisha waimbaji wanarudi nyuma, magitaa yanaingia mbele, na linaanza lile chemko ambalo Wakongo wanaliita sebene. Ukumbini watu walikuwa wakiinuka vitini wakati huo. Nyumbani ndipo unapoanza kukimbia papo hapo. Magitaa yanakubeba dakika tatu, nne, tano, yanazungukana, na hayakuulizi kama umechoka. Wimbo "Mario" wa Franco na TPOK Jazz, wa mwaka 1985, unapita dakika kumi. Mtu akiweka huo na mwingine wa urefu wa kawaida, siku hiyo hadaiwi.

Na kwa wanaopenda hesabu: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali. Mwongozo huo umeacha sharti la zamani la kwamba kila kipande kisipungue dakika kumi. Wimbo mmoja unahesabika. Robo ya taarifa ya habari inahesabika. Mapumziko ya kipindi cha kwanza cha mechi ya Simba na Yanga yanahesabika, na nimeona nyumba ambayo kanuni yao ni kwamba timu ikifungwa, mashabiki wake ndio wanaopanda kuruka mpaka kipindi cha pili kianze. Sijui kama inasaidia moyo au inauumiza, lakini trampolini yao haina vumbi.

Kama hutaki saa wala mashine ya kupima mapigo, tumia mdomo. Ukiweza kuimba ubeti mzima pamoja na mwimbaji, ongeza kasi. Ukiweza kuzungumza lakini kuimba kunakushinda, hapo ndipo pa wastani. Mtu akibisha hodi na ukashindwa kumjibu "karibu," punguza.

Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi. Wanawake wengi wa miji yetu hawakimbii barabarani, na hawana haja ya kueleza kwa nini: macho, maneno, pikipiki, mbwa, giza. Mlango ukifungwa, hayo yote yanabaki nje. Unavaa unachotaka, unaruka na nywele zako zilivyo, na mwezi wa Ramadhani unaweza kutikisika kidogo baada ya tarawehe bila kumuaga mtu. Nguo moja tu isipuuzwe, nayo ni sidiria iliyobana vizuri. Miguuni, peku ndiyo bora. Soksi za kawaida zinateleza juu ya kile kitambaa.

Ukienda kununua, usianze na rangi. Angalia kwanza uzito uliopangiwa, na uwe juu ya wako kwa nafasi nzuri. Bonyeza katikati kwa mikono miwili: springi za bei rahisi ni ngumu na fupi, zinakurudisha kwa kukutupa, na magoti yatakueleza. Mikanda ya mpira ni laini na haina kelele, ila bei yake inauma. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja anayo sababu ya ziada ya kuipenda mikanda, kwa kuwa hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Springi zinaanza kulia kabla hazijaonekana kutu. Zikilia, zifute, zipake mafuta kidogo ya cherehani, na kama tayari zimekula kutu hadi zimekonda, badilisha zote pamoja.

Kufunga kuna hatari yake, na hapa naomba usome mstari kwa mstari. Zipo zinazokuja zimekunjwa nusu, kitambaa na springi vikiwa vimefungwa tayari. Kuikunjua maana yake ni kuvuta springi zote kwa mpigo mmoja, na ile nusu ikikuponyoka hurudi kwa nguvu ya kuvunja kidole au pua. Ikunjueni watu wazima wawili. Mmoja apige magoti juu ya nusu iliyolala, mwingine avute ya juu kwa mikono yote miwili, uso ukiwa pembeni, na asiiachie mpaka isikike imekaa. Watoto wawe chumba kingine. Kama yako ni ile ya kuchomeka springi moja moja, usizifuate kwa mzunguko, maana ukifika mwisho za mwisho hazitafika. Weka moja kaskazini, ya pili kusini, ya tatu mashariki, ya nne magharibi, kisha ujaze katikati kwa kuvuka upande huu na ule.

Halafu tazama juu. Pangaboi limewahi kusahaulika na watu wenye akili kabisa, kwa kuwa halionekani mpaka uinue mikono. Jumlisha urefu wako, urefu wa trampolini, mikono iliyonyooshwa na sentimita za kuruka, ndipo uchague mahali. Chini, kwa anayeishi ghorofani, miguu ya chuma hupeleka kishindo moja kwa moja kwa jirani. Zulia zito linasaidia. Vifuniko vya mpira vya miguu huisha upesi, na soli ya kandambili kuukuu iliyokatwa vipande inafanya kazi yake vizuri sana.

Mahali penyewe pawe pale unapopita. Trampolini iliyosimamishwa nyuma ya kabati ni chuma chakavu. Iliyopo sebuleni inapandwa na mtu anayesubiri chai ichemke.

Watoto wataipenda kuliko wewe, na hapo lazima uwe mkali. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha AAP, wanapinga trampolini za nyumbani kwa michezo ya watoto, na wamesema kwamba sehemu kubwa ya majeraha hutokea wakiwa zaidi ya mmoja juu ya kitambaa, na kwamba walio chini ya miaka sita ndio walio hatarini zaidi. Wanazungumzia hasa zile kubwa, lakini sheria ya mmoja mmoja haibadiliki kwa sababu duara limepungua. Mdogo na mkubwa wakiruka pamoja, mkubwa akitua ndiye anayemrusha mdogo, na mdogo hachagui anatua wapi.

Kwa wazee habari ni njema kwa tahadhari. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya wazee waliofanya mazoezi ya trampolini ndogo kwa wiki 14, na uwezo wao wa kujiokoa walipokuwa wakianguka mbele uliongezeka waziwazi. Wawe na mhimili, na mtu karibu. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye kizunguzungu, mwenye presha isiyotulia au mifupa dhaifu, amuulize daktari kwanza. Na kuna jambo ambalo kina mama hunong'onezana tu: baada ya uzazi, kuruka kunaweza kutoa mkojo. Si aibu wala si uzee, ni misuli ya nyonga iliyolegea, na mtaalamu wa fiziotherapia ana mazoezi yake. Rudi kwenye kutikisika mpaka ikaze.

Trampolini haijengi mikono wala kifua. Weka karibu nayo madumu mawili ya lita tano yenye maji, na wimbo ukifika pale mwimbaji anaporudi kusimulia shida zake, shuka uyanyanyue. Mwalimu wa Upanga anatumia chupa za lita moja na nusu, zenye mchanga, na hataki kusikia habari za madumu.

Kila mwezi igeuze, miguu juu. Kaza skrubu, hesabu springi, pitisha kidole kwenye mshono wa pembeni panapoingia kulabu. Uzi ukianza kufumuka, fundi wa maturubai anaweza kuurudia kwa uzi wa nailoni, na kabla ya kuipanda tena, laza juu yake gunia la mchele usiku kucha. Kitambaa kilichochanika katikati hakishonwi. Nunua kingine, na kile cha zamani kitakufaa kufunikia matanki.